Vidole Vyangu, Jina Lake

Tarehe 11 Februari

Mdogo wangu Sikio,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua, maana kazi yenyewe ni ya kuinama ndani ya piano za watu kutwa. Najua miaka sita imepita tangu tuandikiane, na barua za mwisho zilikuwa za matusi, nusu yako, nusu yangu. Leo siandiki kugombana. Nina swali moja, nawe utanijibu.

Jumanne nilikuwa kwa daktari mmoja wa meno, mstaafu, nikikaza nyuzi za piano yake. Nilipomaliza akaniambia, "Fundi, kaa unywe chai, nikusikilizishe kitu." Akaweka santuri. Piano peke yake. Niliutambua muziki kabla hajarudi kitini: vile vipande kumi na viwili, vile ambavyo havina wimbo wa kuimbika, ambavyo Baba alisema ni kabati la vyombo limeanguka na mtu anajaribu kuliinua polepole asisikike. Nikatabasamu. Nikajisemea, kumbe yupo mwingine duniani mwenye wazimu wa kuvipiga.

Kikaja cha saba. Unakikumbuka. Mkono wa kushoto unatakiwa kugonga sauti mbili zilizo mbalimbali sana, kwa pamoja, kisha kuziacha zilie mpaka zife zenyewe. Mimi kidole changu kidogo kina pingili mbili tu tangu ule mlango wa gari la mjomba. Sizifikii. Ndiyo maana nilikuwa nagonga ya chini kwanza, halafu naruka juu upesi, na kabla ya kuruka navuta pumzi kwa meno: sss.

Kwenye santuri ya daktari sauti ya chini ikatangulia. Kisha, sss.

Chai ilinimwagikia mapajani. "Nani anapiga?" nikauliza. Akanipa jalada. Mwalimu wangu, kaegemea piano, kakunja mikono yake ile kama sepetu. Wameandika: "Rekodi adimu za gwiji, zimetolewa upya." Upya! Yaani zilitoka mara ya kwanza, nami sina habari.

Sikio, kanda zile tulirekodi mimi na wewe, studio ya chuo, kwa Jumamosi tisa, mimi kwenye piano na wewe nyuma ya kioo. Na ni wewe uliyeniandikia kwamba bomba la choo cha juu lilipasuka, zikalowa zote, ukazitupa. Nilizililia kama mtu aliyefiwa, kisha nikaacha kupiga.

Swali ni hili: bomba lilipasuka?

Dada yako

*

Tarehe 2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi tu wazima, tunasukuma siku. Wifi yako anakusalimu. Binti yetu mkubwa kaingia mwaka wa kwanza hapahapa chuoni. Pole na mgongo. Jaribu godoro gumu.

Kuhusu hiyo santuri, mimi nadhani umechoka. Mwalimu ndiye aliyekufundisha vile vipande, nukta kwa nukta. Mwanafunzi hufanana na mwalimu wake hata anavyopumua. Na ni miaka kumi na tisa sasa, Dada. Mzee mwenyewe amekwisha. Mikono inamtetemeka hata vifungo vya shati anafungiwa na mkewe. Juni hii chuo kinaupa ukumbi mpya jina lake. Mwache mzee wa watu ale heshima yake.

Bomba lilipasuka kweli. Uliza mtu yeyote aliyekuwepo.

Mdogo wako

*

Tarehe 19 Machi

Sikio,

Marahaba. Godoro nimebadilisha, asante.

Umejibu kama wakili. "Bomba lilipasuka kweli." Naamini. Kosa ni langu, sikuuliza vizuri. Kanda zililowa?

Nimeitafuta santuri hiyo nikaipata. Nimeisikiliza kama ninavyosikiliza piano yenye ugonjwa uliojificha, kipande baada ya kipande, mlango nimefunga. Cha tatu, kiti changu kinalia pale ninapoinuka kulaza mkono mzima juu ya vitufe, kiganja hadi kiwiko. Cha tisa, kile kimya kirefu cha mwisho hakikukatwa. Mwalimu angekikata, hakuwa na subira na kimya. Mimi ndiye niliyekuomba ukiache, nawe ukalalamika kwamba kimya changu kitamaliza kanda ya watu.

Unasema mwanafunzi hufanana na mwalimu. Haya. Na kidole kilichokatika nacho hufundishwa? Mkono wa Mwalimu ulikuwa ukishika tikitimaji kama mkono wa mtu mwingine unavyoshika chungwa. Mwenye mkono ule anaruka nini?

Sikiliza, mdogo wangu. Kwa miaka kumi na tisa nimekaza nyuzi ili wengine wapige, nikiamini kwamba changu kilioza kwenye maji ya choo. Nimezeeka nikiamini hivyo. Na muda wote huo mtu alikuwa anasimama mbele za watu, anainama, anapokea makofi ya mikono yangu. Sitaki aniombe radhi. Radhi ni ya anayekukanyaga kwenye foleni. Nataka haohao wanaompigia makofi wamwone. Nataka iwe angali mzima, angali na masikio, aelewe kila neno.

Juni nakuja. Amua uko upande gani. Ukiwa upande wake, nitapita na kwako.

Dada yako

*

Tarehe 27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu.

Kanda hazikulowa. Maji yalifika mpaka nusu ya chumba, lakini zilikuwa rafu ya juu. Zilikuwa kavu kabisa.

Nikueleze ilivyokuwa. Ulipoondoka kwenda kwenye usaili wa ile shule yako ya muziki, Mama alikuwa haamki tena kitandani. Ulisema wiki tatu tu. Nikabaki mimi, miaka ishirini na miwili, namgeuza ubavu, namlisha uji kwa kijiko, namfulia. Alitaka kitanda kisogezwe dirishani aone barabara. Gari likipunguza mwendo anauliza, "Ni yeye?" Nilipiga simu hosteli kwako, nikaacha ujumbe kwa mlinzi. Alipokufa nikaacha wa pili. Baadaye ulisema hukuona hata mmoja. Mama alikaa dirishani siku kumi na saba, Dada. Tulimzika bila wewe.

Wiki iliyofuata Mwalimu alikuja studio. Alikuwa na mkataba wa kurekodi vile vipande, na mikono ilikuwa imeshaanza kumtetemeka, ingawa aliificha mifukoni. Akauliza, "Kanda za dada yako zimeandikwa jina?" Nikamwambia bado. Hakuniahidi kitu, wala hakuninunulia hata soda. Mimi ndiye niliyechukua kalamu. Maboksi yote manne niliyaandika jina lake kwa mkono wangu, yeye akiangalia nje kama mtu anayengoja mvua ikatike.

Nilitaka ukose kitu kisichorudi. Na nilijua kuna kitu kimoja tu ulichokipenda kuliko sisi.

Nimejuta tangu zamani. Lakini sitakudanganya tena: siku ile sikujuta. Siku ile nilijisikia nimefuta deni la Mama.

Nilichompa ni kanda safi, zilizokwisha kukatwa. Zile za kazi ninazo mpaka leo, zenye maneno yetu katikati, makosa yako yote, na Mwalimu mwenyewe siku aliyokuja kukusahihisha. Siku ya sherehe anayesimamia mitambo ya sauti ni mimi. Niambie la kufanya.

Mdogo wako

*

Tarehe 8 Mei

Sikio,

Leo sina salamu. Barua yako niliisomea kazini, nikaifungia ndani ya piano ya mteja nisiione, halafu nikaifungua nikaisoma tena.

Habari zako tutaongea baadaye. Foleni ni ndefu, na mbele yako yupo mwingine.

Nimeona ratiba. Kabla hajaitwa jukwaani watasikiliza kipande cha saba kutoka kwenye santuri. Wewe weka kanda ya kazi, ya siku ile aliyokuwepo. Usikate hata kikohozi. Mimi nitakuwa safu ya tatu. Usije kunisalimia.

Ukinifanyia hili, nitakusamehe.

Dada yako

*

Tarehe 20 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini umefika salama. Uliondoka kwa mlango wa nyuma kabla sijashuka ngazi. Nilikimbia mpaka maegesho nikakuta teksi inakata kona.

Najua ulikuwepo, lakini wewe ulikuwa chini, mimi juu nyuma ya kioo, na ninataka ujue nilichokiona.

Mkuu wa chuo aliposema, "Na sasa, mikono iliyotuletea heshima," nikabonyeza. Spika zote zikatoa sauti yangu ya ujana: "Kipande cha saba, mara ya tano." Watu wakacheka, wakadhani mitambo imekosea. Halafu wewe: "Sikio, ngoja, vidole vina jasho." Halafu yeye, sauti ileile wanayoijua madarasani: "Binti, iache ya chini itangulie. Kama mkono haufiki, basi kutofika kwako kuwe ndio mtindo." Kisha muziki. Kutoka kule juu niliona shingo zinageuka, moja, mbili, kumi, kumtazama.

Mwalimu, pale safu ya mbele, alikuwa amefumba macho. Dada, naapa alikuwa anasikiliza. Mkuu wa chuo alinipungia mkono nizime, nikajifanya natafuta kitu chini ya meza. Nilikuwa nacheka peke yangu mle ndani kama mwendawazimu.

Ukapanda jukwaani. Ukainua kidole chako wakakiona. "Hiki ndicho mlichokuwa mnakipigia makofi," ukasema. Ukumbi wote ulielewa. Mambo yalikuwa yameisha pale, Dada. Ulikuwa umeshinda.

Lakini ukamgeukia. "Kaa upige. Mistari minne tu."

Akasema, "Binti, mikono yangu..."

"Kaa."

Mkewe akamshika kiwiko, akampandisha jukwaani, akamfikisha kwenye kiti cha piano. Akaweka mikono juu ya vitufe, ikaanza kugonga yenyewe, ta-ta-ta, sauti zisizo na mpangilio, na maikrofoni ziko wazi. Mkewe akaifunika mikono ile kwa yake mpaka ikatulia. Na wewe ukasema, "Imebaki mistari mitatu."

Pale ndipo nilipozima.

Watu walitoka bila kumpigia mtu yeyote makofi. Jina wameling'oa ukutani. Yamebaki matundu ya skrubu. Mimi nimewaambia kanda zilichanganyika. Mkuu ananitazama kwa jicho la pembeni, lakini hana ushahidi, na binti yangu hajui lolote.

Ulisema utanisamehe. Nangoja neno lako.

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Nilifika salama.

Nani alikuambia uzime? Nilikuwa sijamaliza. Unamhurumia kwa sababu mikono yake inatetemeka. Yangu haikutetemeka, ndiyo maana hakuna aliyeihurumia.

Jumatatu mwandishi wa gazeti alinipigia simu. Akaniuliza maswali mengi, na moja lilikuwa hili: nani aliandika jina la Mwalimu kwenye yale maboksi? Nikamjibu. Nikampa na nakala ya barua yako ya Aprili, alinganishe mwandiko. Itatoka Jumapili.

Ndiyo, nilisema nitakusamehe. Na wewe ulisema kanda zimelowa.

Dada yako

*

Tarehe 30 Septemba

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Afya yako? Watoto?

Tangu Julai sijapata neno. Wifi alinitumia ujumbe mmoja tu: umefukuzwa kazi, binti ameacha chuo mwenyewe kwa kushindwa kuvumilia macho ya watu, na nisipige simu kwake tena. Nimesikia pia Mwalimu kahamishiwa kwa mwanawe na hapokei wageni.

Santuri imetoka tena na jina langu. Herufi kubwa. Picha hawakuwa nayo wakaomba, nikawatumia ya kitambulisho cha kazi, ninaonekana kama mtu anayetafutwa. Mhakiki mmoja ameandika kwamba fundi aliyerekodi alikuwa na sikio la ajabu, kwamba msikilizaji anahisi hadi urefu wa dari ya chumba kile. Jina lako hakulitaja kwa sababu halipo. Nilipoulizwa kama liwekwe, nilikataa.

Nilidhani nitafurahi. Niliipeleka karakana, nikawawekea wenzangu. Walisikiliza kipande kimoja na nusu. Wakapiga makofi, wakaniambia hongera fundi, wakarudi kwenye kazi zao. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Sasa hapo huyo mtu alikuwa anajaribu piano kabla ya kuanza?" Nikacheka sana. Nikamtafuta wa kumsimulia, anayejua utani wa Baba, nikakuta ni wewe tu.

Andika. Hata kama ni matusi, andika.

Dada yako

*

Tarehe 12 Novemba

Sikio,

Natumaini unazisoma hizi, kama huzichomi.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Yule mlinzi wa hosteli alikuwa mwaminifu. Ujumbe wako alinipa, wote wawili, mkononi. Wa kwanza ulipofika, usaili ulikuwa umebakiza siku kumi. Nikajiambia, nikipasi nitarudi na habari njema, na habari njema zitamwinua Mama. Unaona nilivyokuwa? Wa pili ulisema amefariki na mazishi ni keshokutwa. Keshokutwa ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupiga. Nauli nilikuwa nayo. Basi lilikuwepo. Nikakunja kile kikaratasi, nikaenda kupiga.

Nikashindwa. Waliniambia nina akili ya muziki, lakini mkono ni mdogo.

Sikuweza kurudi kukuambia kwamba niliacha mazishi ya Mama kwa ajili ya kukataliwa. Ikawa rahisi kusema sikupata ujumbe. Nikausema uongo huo kwako, nikausema kwa wengine, mpaka nikauzoea nikaona ni wewe uliyenitenda, si mimi.

Hukuwa na haki ya kuandika jina la mtu mwingine kwenye kazi yangu. Haki ya kukasirika ulikuwa nayo, tena yote. Mimi nikakulipa kwa kazi yako na masomo ya mtoto wako, ilhali aliyekosa kwanza ni mimi.

Nimewaandikia wachapishaji waweke jina lako. Jumamosi ya tarehe 6 Desemba nitakuwa getini pale makaburini tangu saa nne asubuhi. Juni nilikuja mpaka mjini nikaenda kwa Mwalimu, kwa Mama sikwenda. Sijui hata yuko upande gani. Ukija, nionyeshe.

Dada yako

*

Tarehe 14 Desemba

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimepata kibarua cha kufunga spika kwenye kumbi za harusi, na binti anafundisha watoto nyumbani. Tunasukuma siku.

Barua zako nilizisoma zote.

Tarehe sita nilifika kabla yako. Niliegesha ng'ambo ya barabara, nyuma ya lori la matofali. Nilikuona unashuka, una maua kwenye mfuko. Nilikuona unamuuliza mlinzi, naye anatikisa kichwa. Ukasimama getini. Kila gari lililopunguza mwendo ulilitazama.

Sikushuka. Si kwamba nilishindwa. Mlango nilikuwa nimeshaufungua kidogo, mguu mmoja uko nje. Nilitaka ungoje. Nilitaka nikuone ukingoja, na nilikuona, kwa muda wa saa mbili na robo, mpaka ukakaa chini kwenye ukingo wa mtaro kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Nilidhani moyo utatulia. Haukutulia, lakini sikushuka.

Ulipoondoka nilivuka. Maua uliyoyaacha kwa mlinzi niliyachukua, nikampelekea Mama. Nikamwambia ni ya kwako.

Wachapishaji wameniandikia kuhusu jina. Nimewajibu waache kama lilivyo. Kazi ile nzuri niliifanya, na ile mbaya niliifanya. Sitaki wanisifu kwa moja.

Kutoka getini unapita tangi la maji, unahesabu safu kumi na moja, unaingia kushoto. Ni la tatu, la saruji, herufi zimefifia kwa hiyo inama usome vizuri. Nimekuandikia ili ukija mara nyingine usihitaji kunisubiri.

Mdogo wako